Kifurushi cha migahawa melini: kisa cha familia ya watu saba kutoka Mtwara

Familia ni ya Shangani, Mtwara mjini: baba, mama, shangazi, bibi mwenye miaka 72, na watoto watatu wenye miaka 14, 9 na 4. Wote ni Waislamu. Binti wa miaka 9 ana mzio wa kamba: akila hata kipande, midomo inavimba. Fedha za korosho zimeingia Novemba, shule zinafungwa Desemba, na tiketi za meli ya kitalii zimekwishakatwa. Meli inatoka Durban, Afrika Kusini, kwa usiku nne, inapanda hadi Pomene kwenye pwani ya Msumbiji na kurudi.

Kilichobaki ni ujumbe kwenye programu ya simu ya kampuni ya meli: kifurushi cha milo miwili ya jioni kwenye migahawa ya kulipia, dola 85 kwa mtu mzima, ofa inafungwa kabla ya safari. Baba anataka kukinunua leo. Mama anauliza kwa nini walipie chakula wakati tiketi tayari ina chakula. Kijana keshatazama video za tepanyaki, mlo wa Kijapani unaopikwa mbele yako juu ya bamba la moto, na ameshachagua kiti.

Swali la mama ndilo la kuanzia. Tiketi ya kawaida ya meli ya namna hii inabeba ukumbi mkuu wa chakula, ambako jioni unakaa na kuhudumiwa kozi tatu au zaidi, na bufee ambayo hufunguliwa sehemu kubwa ya siku. Hakuna atakayelala njaa asipolipa senti ya ziada. Mgahawa wa kulipia unauza vitu vitatu: utulivu, chakula kinachopikwa kwa agizo badala ya kupikwa kwa mamia, na wakati mwingine tamasha la mpishi. Familia isiyojua inanunua kipi kati ya hivyo hulipa mara mbili kwa mlo uleule.

Kabla ya kufungua menyu, zipangwe siku. Siku ya kwanza ni ya kupanda meli Durban mchana na kuondoka jioni. Ya pili ni bahari tupu. Ya tatu ni Pomene. Ya nne ni bahari tena. Asubuhi ya tano ni Durban na kushuka.

Usiku wa kwanza tunaukata. Watu hawa wametoka Mtwara hadi Dar es Salaam, Dar hadi Johannesburg, Johannesburg hadi Durban. Hata wakilala Durban siku moja kabla (na walale, ndege ikichelewa meli haisubiri), bibi atakuwa amechoka. Mabegi yaliyokabidhiwa bandarini huletwa vyumbani taratibu, mengine hufika jioni, kwa hiyo nguo za kutokea huenda bado ziko korido ya deki nyingine. Kubwa zaidi ni bahari yenyewe. Nje ya Durban unapita mkondo wa Agulhas, unaoshuka kwa kasi kuelekea kusini-magharibi. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma dhidi yake, mawimbi yanapanda na kuwa mafupi na makali. Mtu aliyekulia Msimbati akivuka kwa mashua anaweza kudhani tumbo lake limeshazoea, lakini mtikisiko wa meli ya ghorofa kumi na zaidi ni mwingine: ni wa polepole, na unazidi kadiri unavyopanda juu na kusogea nyuma au mbele, kuliko na migahawa mingi yenye madirisha mazuri. Usiku huo ukumbi mkuu, ambao mara nyingi uko deki za chini, ndio salama. Akiugua mtu anaondoka mezani, na hakuna kilichopotea.

Usiku wa pili nao unakatwa, kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye safari fupi, siku ya kwanza ya bahari tupu ndiyo hupewa usiku wa gala: watu wanavaa, nahodha anapiga picha na abiria, na ukumbi mkuu unatoa menyu yake bora ya safari nzima. Kulipa ziada kwenda kula kwingine usiku huo ni kuacha mlo mzuri kuliko yote uliokwishaulipia. Baba hakulijua hili, na programu haimwambii. Ratiba ya gala huulizwa kwa wakala aliyekata tiketi.

Usiku wa tatu unabaki, kwa masharti. Pomene haina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, wanashinda juani, wanarudi na mchanga miguuni. Mtoto wa miaka 4 atasinzia kabla ya supu. Bibi pia.

Usiku wa nne ni wa kufunga mizigo. Mabegi makubwa hutakiwa kuwa nje ya mlango usiku ili yateremshwe mapema, na mama wa watoto watatu anajua jioni hiyo itaendaje.

Kwa hiyo kati ya usiku nne, milo miwili ya jioni ya kifurushi imebaki na usiku mmoja unaofaa, nao unafaa kwa nusu ya familia tu. Kifurushi kingeweza kukataliwa hapa hapa. Lakini tuipitie migahawa, kwa sababu huko ndiko familia nyingi hukosea hata zinapopanga siku vizuri.

Meli hii ina minne: wa steki, wa tepanyaki, wa Kiitaliano, na kaunta ya sushi (matonge madogo ya wali na samaki, ya Kijapani). Bei katika kisa hiki ni dola 50 kwa mtu mzima kwenye steki na tepanyaki, Kiitaliano dola 24 kwa mlo wa mchana siku za bahari, sushi kwa sahani. Wa miaka 6 hadi 12 analipa dola 15, wa chini ya 6 halipi, na wa miaka 14 anahesabiwa mtu mzima. Mpaka huu wa umri hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, usomwe, usikisiwe. Juu ya kila bei inaongezwa tozo ya huduma ya asilimia 18.

Baba alianza na steki. Kwa familia hii, swali la kwanza kuhusu nyama haliwezi kuwa ulaini wake. Watu wengi huandika neno “halali” kwenye fomu ya mahitaji ya chakula na kudhani wamemaliza. Fomu hiyo kwa kawaida inahusu ukumbi mkuu tu. Jikoni la mgahawa wa kulipia lina nyama yake, na nyama hiyo huenda ilipakiwa kwenye makontena kutoka nchi nyingine kabisa. Afrika Kusini ina taasisi zinazotoa vyeti vya halali zinazojulikana, SANHA ikiwamo, lakini meli kuanzia safari Durban si ushahidi kwamba steki yake imetoka kwenye machinjio yenye cheti hicho. Barua pepe inayofaa ina maswali mafupi: nyama ipi katika mgahawa wa steki ina cheti, cheti cha nani, inapikwa kwenye chuma kimoja na nguruwe au hapana, na taarifa inatakiwa siku ngapi kabla. Jibu liombwe kwa maandishi na litunzwe kwenye simu, maana mhudumu wa zamu hakuliandika yeye na hatalijua.

Jibu walilopata ni la kawaida sana: kuku na ng'ombe wa halali wapo ukumbi mkuu kwa wanaoomba mapema; kwenye mgahawa wa steki nyama haina cheti, ila samaki na mboga vinapatikana. Basi. Kulipa dola 50 ili kula samaki kwenye nyumba ya steki, tena samaki aliyegandishwa, kwa watu wanaonunua changu wa alfajiri Mikindani? Hata sosi zake zina mitego: ya pilipili manga hutiwa brandi, ya nyama hutiwa mvinyo mwekundu, viazi vya kuponda na saladi huweza kuja na vipande vya nguruwe juu. Steki imetoka.

Tepanyaki ndiyo iliyozua ubishi. Meza imezunguka bamba kubwa la chuma lenye moto, viti vinane hivi, mpishi mbele anarusha mayai na kuwasha miali ya moto, mlo unachukua kama saa moja na nusu. Kijana wa miaka 14 yuko sahihi kwamba ni burudani. Tatizo ni bamba lenyewe. Chakula cha wote hupikwa juu yake kwa pamoja: kamba wa huyu, nyama ya yule, wali wa wote. Kwa binti mwenye mzio hakuna agizo linalomlinda, kwa sababu hata asipoagiza kamba, mafuta ya kamba yanatembea na mwiko wa mpishi, na mvuke wake unampiga usoni. Wengine huambiwa “tutampikia jikoni kwa sufuria peke yake.” Inawezekana, lakini bado atakaa karibu kabisa na kamba zinazochomwa. Hapana. Abaki nje.

Wakienda baba, kijana na shangazi peke yao, viti vitano vinabaki kwa abiria wengine, ambao wataagiza ng'ombe wasiojua amechinjwaje, na mpishi hutia sake au mirini, vyote vina kileo. Wakiomba chakula chao kipikwe jikoni, watakuwa wamelipa dola 177 kwa watu watatu kutazama wengine wakipikiwa. Shangazi alilimaliza yeye: “Kaka, mimi moto wa kutazama ninao jikoni kwangu.” Na viti virefu vya tepanyaki, vilivyofungwa sakafuni, visingemfaa bibi mwenye magoti kwa vyovyote.

Wa Kiitaliano hakuna aliyeutaja, na ndio uliopita. Tambi na piza watoto wanazijua. Meno ya bibi hayasumbuliwi. Familia inaweza kula vizuri bila kugusa nyama: tambi za sosi ya nyanya, biringanya za kuoka na jibini, samaki wa kuoka. Yapo ya kuulizwa. Wali wa Kiitaliano, risoto, karibu kila mara huanzishwa kwa mvinyo mweupe, na mvinyo ukiishatiwa hautolewi. Uombwe uliopikwa upya kwa supu ya mboga au uachwe. Pancheta ni nguruwe, na huingia kwenye sosi ambazo jina lake halisemi. Tiramisu hutiwa pombe. Kwa binti: chipsi na vitu vya kukaanga visiagizwe mpaka ijulikane kama kikaangio kinatumika pia kwa kamba na ngisi, kwa sababu mafuta hayo hayo ndiyo yanayobeba mzio. Hili ndilo hupita wazazi wengi. Wanasoma menyu mstari kwa mstari wakitafuta neno kamba, kisha mtoto anavimba kwa viazi.

Na uende mchana, siku ya nne. Migahawa kadhaa ya kulipia hufunguliwa mchana siku za bahari tupu kwa bei ya chini kuliko jioni, na menyu hutofautiana kidogo tu. Bibi yuko macho, mtoto mdogo hajachoka, Adhuhuri inaswaliwa kwanza, na jioni inabaki huru kwa mabegi. Meza ya watu saba ni ya kuomba kwa maneno: migahawa midogo ina meza za wawili na wanne, na mfumo unaweza kukataa saba ingawa meza mbili zinaunganishika. Ukiona programu inasema hakuna nafasi, jaribu kuweka wanne na watatu kwa saa moja, kisha siku ya kupanda meli nenda kwenye dawati la migahawa ukaombe waunganishe.

Kijana asiachwe mikono mitupu. Kaunta ya sushi inauza kwa sahani, haina tozo ya kiti, na haina muda wa kuweka nafasi: baada ya Pomene, usiku wa tatu, baba na yeye wanakaa nusu saa na kula sahani nne za dola 12. Waulize kama wali umetiwa mirini, na waepuke vipande vya kaa wa bandia, ambavyo ni samaki wa kusagwa mwenye viungo visivyoeleweka. Binti asiende, kamba wapo kila upande wa kaunta.

Sasa hesabu ya baba. Wanaolipa bei kamili ni watano: wazazi wawili, shangazi, bibi na kijana. Kifurushi ni 5 mara dola 85, yaani 425, ongeza milo miwili ya binti kwa 15, yaani 30, jumla 455. Na tozo ya asilimia 18 inafika dola 536.90. Bila kifurushi, jioni mbili za dola 50 zingekuwa 265 kila jioni, na kwa tozo, dola 625.40 kwa zote mbili. Kifurushi kinaonekana kuokoa dola 88.50, na ndivyo tangazo lilivyosema.

Lakini bibi na shangazi wakikosa jioni moja tu, kulipa jioni kwa jioni kunakuwa dola 312.70 ya kwanza na 194.70 ya pili, jumla 507.40. Tayari ni nafuu kuliko kifurushi. Akiba ya tangazo inategemea kila mtu kula kila mara, jambo ambalo familia yenye mzee na mtoto wa miaka 4 haiwezi kuahidi. Kwa safari nyingine, ya usiku saba kwa mfano, njia ya katikati ingefaa: kuwanunulia kifurushi wale tu watakaokwenda mara zote na kuwalipia wengine mlo mmoja mmoja. Kampuni nyingi zinauza kwa kichwa na hazilazimishi chumba kizima, tofauti na vifurushi vya vinywaji ambavyo mara nyingi hulazimisha watu wazima wote wa chumba kimoja. Angalia tu kwamba kifurushi hakikufungi kwenye menyu maalumu. Vyakula vya bei kubwa hulipiwa nyongeza hata ukiwa nacho.

Mpango uliobaki: mchana wa Kiitaliano, 5 mara 24 ni 120, na binti 15, ni 135, kwa tozo dola 159.30. Sushi 48, kwa tozo 56.64. Jumla 215.94. Kwa kukadiria dola moja shilingi 2,500, ni shilingi 539,850 badala ya 1,342,250 za kifurushi.

Jioni nyingine zote ziko ukumbi mkuu, na huko ndiko ombi la halali linafanya kazi, likifuatiliwa. Jioni ya kwanza mtafuteni mhudumu mkuu kabla hamjaagiza, mmwonyeshe ile barua pepe, mmwambie pia kuhusu kamba. Kwa wenye masharti ya chakula huwa analeta menyu ya kesho usiku wa leo, mnachagua, jikoni linaandaa mapema. Familia inayosubiri kuagiza papo hapo huishia kula mboga za kuchemsha na kulaumu meli. Tena mkae meza ileile kila usiku, mhudumu awajue.

Klabu ya watoto ilizungumzwa kama njia ya kuwapa wazazi jioni yao. Hupokea watoto kuanzia miaka 3 waliokwisha kuacha nepi, lakini huwagawa kwa umri, kwa hiyo wa miaka 4 hatakaa na dada yake wa miaka 9, na walezi watasema Kiingereza. Mtoto anayejua Kiswahili pekee atalia na mtaitwa kabla ya kozi ya pili. Mpelekeni mchana kwanza, dakika ishirini, mama akiwa mlangoni.

Kuhusu saa, makosa mawili yanajirudia. Durban iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu isiyobadilika itawapeleka mezani mapema saa nzima. La pili ni usomaji: programu ikiandika 13:00 ni saa saba mchana, 20:00 ni saa mbili usiku, kijana apewe kazi ya kuweka nafasi, lakini shangazi aisome kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mwezi Desemba jua la Durban huzama karibu saa moja kasoro jioni, na Pomene, iliyo mashariki zaidi, huzama mapema kuliko hapo. Jioni ya ukumbi mkuu wakiwekwa kikao cha kwanza, yaani zamu ya mapema ya chakula, Magharibi itawakuta mezani. Waombe cha pili, au, kwa kuwa wako safarini, wachukue ruhusa ya madhehebu ya Shafii ya kuchelewesha Magharibi na kuiswali pamoja na Isha, wakiweka nia ndani ya wakati wake.

Nafasi iliyowekwa ina mwisho wa kuifuta, mara nyingi saa 24 hadi 48 kabla. Usipotokea, ada hukatwa kwenye akaunti ya chumba hata kama mtoto alikuwa na homa. Akaunti hiyo hufunguliwa siku ya kupanda, kwa kadi au kwa amana ya fedha taslimu. Kadi ya benki ya kawaida ina shida yake: meli huzuia kiasi fulani mapema, fedha hizo hazionekani kwenye salio, na zinaweza kukaa hivyo siku kadhaa baada ya kushuka, wakati bado mnahitaji nauli na hoteli njiani kurudi. Amana taslimu ni bora kwao, na inayobaki hurudishwa siku ya mwisho. Kabla ya kuondoka Mtwara benki iambiwe iruhusu malipo ya nje ya nchi, na kikomo cha siku kiangaliwe.

Bili ikija mezani kwenye Kiitaliano, baba aiangalie chini. Tozo ya asilimia 18 imeshaandikwa, kisha kuna mstari mwingine mtupu wa bahshishi. Si deni. Aandike sufuri, ajaze jumla ileile, asaini. Usiku wa nne, mabegi yakishatolewa mlangoni, apite mapokezi kuchapisha hesabu ya chumba: mistari inayotakiwa kuonekana kwa migahawa ni miwili, 159.30 na 56.64. Ikitokea wa tatu, auulizie usiku huo huo, kwa sababu asubuhi ya kushuka foleni ya mapokezi huwa ndefu.